Boti ya Mwalimu

Maswali ninayoulizwa mara nyingi zaidi katika usharika wetu wa Masasi hayahusu Utatu wala siku za mwisho. Yanahusu fedha za korosho. Minada ikishafunguliwa mwezi wa Oktoba na malipo yakaanza kuingia kupitia vyama vya msingi, watu huja ofisini mmoja mmoja, jioni, na kuvuta kiti karibu. Huyu anataka kujua kama ni vibaya kununua pikipiki kabla nyumba haijapauliwa. Yule anauliza kama fungu la kumi hutolewa kabla ya kuondoa gharama za salfa au baada. Nilipokuwa nasoma Makumira hatukuwa na somo la salfa, lakini nimejifunza kwamba mtu akikuuliza atumieje fedha yake, mara nyingi anakuuliza Mungu wake ni wa namna gani.

Msimu wa 2024, bei katika minada ya kwanza ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo, alikuja mzee wetu mmoja wa mtaa wa Newala. Ni mwalimu mstaafu, Mmakonde wa hapo hapo, na mkewe ni mtu wa Kyela. Ndivyo Ulutheri ulivyoingia nyumbani mwake, maana huku kwetu Wakristo wengi ni Waanglikana na Wakatoliki, na usharika wetu umejaa watumishi wa serikali na wafanyabiashara waliotoka Mbeya, Iringa na Kilimanjaro. Mwalimu aliketi, akavua kofia, akauliza, "Mchungaji, ni dhambi mtu kununua boti ya kuchezea?"

Asiyepajua Newala hataona kwa nini nilitaka kucheka. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaona nchi imeporomoka mbele yako, bonde linashuka kuelekea mto Ruvuma na ng'ambo yake ni Msumbiji, lakini hapo juu uliposimama hakuna kijito wala kisima cha karibu. Udongo unakunywa mvua yote. Mama zetu walishuka bondeni alfajiri na kupanda na maji kichwani, na hata sasa maji husukumwa kwa mashine kutoka mabondeni, na mashine ikiharibika ndoo inauzwa. Na mtu wa mahali hapo ndiye aliyetaka boti.

Sikucheka, kwa sababu alikuwa na hoja. Mkewe ana kiwanja cha urithi Matema, kule mwisho wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na walikuwa wameamua kupitisha huko likizo za wajukuu. Mwanawe aliye Dar es Salaam alikuwa amemwona mgeni mmoja anayerudi kwao akiuza boti ya mtumba yenye injini ya ndani, ya zile zinazotengenezwa Marekani kwa ajili ya kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji kwa mbao miguuni. Nyeupe, mstari mwekundu, viti vya ngozi. Shilingi milioni 28. Alinionyesha picha kwenye simu, naye alipokuwa akiipanua kwa vidole viwili niliona uso wa mtu aliyefundisha miaka thelathini na mitano bila kujinunulia kitu chochote kisichokuwa na kazi.

Hapa niseme jambo ambalo wazee wa kanisa walilijua na mimi nililijua. Kanisa la mtaa wa Newala lilikuwa na bati upande mmoja tu. Upande wa pili ni turubai. Milioni 28 zingemaliza bati, madirisha na sakafu, na ingenitosha kusema, "Mwalimu, ombea jambo hili," kwa sauti ile tunayoijua sisi wachungaji, naye angeelewa. Mzee mmoja wa baraza aliniambia waziwazi niseme hivyo. Nilimjibu kwamba Mwalimu alikuwa ametoa ahadi yake, na sadaka ya mavuno, na kwamba sadaka iliyokamuliwa kwa kumtia mtu hofu ya uongo haina jina zuri hata ikiwa imegeuka bati. Nilimkumbusha pia aliyelalamika Bethania kuhusu yale marhamu ya bei kubwa, alikuwa ni nani. Hakufurahi.

Kwa Mwalimu nilijibu kwamba kucheza si dhambi. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoeleza maana ya kumwamini Mungu Muumbaji, hataji mambo ya rohoni tu. Anataja macho, masikio, nguo, viatu, nyumba, mashamba, mifugo. Mungu wa namna hiyo hawezi kuchukizwa na babu anayewachekesha wajukuu ziwani. Lakini nikamwambia kwamba kuna swali la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza: je, boti hiyo ni nzima, na inafaa maji yale? Akasema, "Hilo tumwachie Mungu." Nikasema hilo tumwachie baba yangu mdogo.

Mimi ni mtoto wa Matema. Baba mdogo alifanya kazi ya ufundi wa vyombo kwenye bandari ya Itungi, Kyela, na sasa amestaafu. Nilimpigia simu, akapanda basi hadi Dar es Salaam, nasi tukatoka Masasi, Mwalimu na mimi, tukakutana naye Mbagala akiwa na begi dogo la nguo na begi kubwa la spana.

Nitaeleza alivyoikagua boti ile, kwa sababu nimehubiri mara nyingi juu ya kuijaribu roho na kuipima mioyo, lakini sijawahi kuona mtu akipima kitu kwa uaminifu kama alivyofanya yeye siku zile mbili.

Jambo la kwanza aliweka kiganja juu ya injini, akaondoa mkono na kusema, "Tutarudi kesho." Injini ilikuwa ya moto. Mwenye boti alikuwa ameiwasha kabla hatujafika. Baba mdogo akatueleza barabarani kwamba injini iliyopashwa moto huwaka vizuri hata ikiwa mgonjwa. Ukitaka kuijua, ikute imelala. Tulimwomba yule bwana asiiguse hadi tufike. Asubuhi tulipofika ilikuwa baridi kama jiwe, na baba mdogo ndiye aliyeiwasha.

Iliwaka vizuri. Hilo lazima niliseme. Ilikuwa ni mashine ya V8 ya lita 5.7, ya ukoo mmoja na injini za magari makubwa ya Kimarekani, imekaa katikati ya boti ndani ya sanduku, na shafti yake inakwenda moja kwa moja chini hadi kwenye rafadha. Alichomoa kijiti cha oili akakitazama juani: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Haikuwa nayo. Akafungua plagi zote nane akapima mgandamizo wa kila silinda, akaandika namba kwa chaki sakafuni. "Usitafute namba kubwa," alimwambia Mwalimu, ambaye alikuwa ameinama karibu naye kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, "tafuta namba zinazofanana. Moja ikianguka mbali na wenzake, hapo pana neno." Zilifanana. Mwalimu alinitazama kwa furaha.

Saa ya injini ilionyesha kwamba imefanya kazi saa 412. Baba mdogo hakuiandika hata kidogo. Alisema saa hufa, na ikifa haisemi.

Kisha akaanza kuuliza maswali. Injini hizi hupoozwa kwa maji yanayovutwa kutoka nje. Maji ya ziwani si neno, lakini boti ile ilikuwa imekaa miaka yote baharini, na chumvi hula bomba za eksozi kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Je, kila ilipotoka baharini ilisukutuliwa kwa maji baridi? Mwenye boti akasema ndiyo, karibu kila mara. Baba mdogo akapitisha kidole kwenye maungio ya eksozi, kikatoka na kutu nyekundu.

Akauliza tena kuhusu feni ya kutoa hewa. Hili mimi sikulijua, na nadhani wengi wetu hatulijui. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Katika boti yenye injini ya ndani mvuke huo hushuka na kukaa kwenye ngama, chini ya miguu ya watu, na cheche moja ya kuwashia inatosha. Ndiyo maana boti hizi huwekewa feni ya kufukuza mvuke, nayo huachwa izunguke dakika kadhaa kabla ya kugusa ufunguo. Feni ya boti ile ilikuwepo. Waya wake ulikuwa umekatwa. "Huwa tunafungua kifuniko tu," alisema mwenye boti. Baba mdogo hakumjibu. Alinitazama mimi.

Mwisho akavua viatu, akatembea juu ya sakafu polepole, kisigino kwa kidole, kutoka omo hadi tezi. Akarudi, akasimama karibu na sanduku la injini, akahamishia uzito mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Akaomba kapeti lifunuliwe.

Hapo ndipo dalali aliponigeukia. Nilikuwa nimevaa shati la kola, kwa hiyo alijua kazi yangu. Akasema kwa upole kabisa, tena mbele ya Mwalimu, "Mchungaji, mbona hamna imani? Bwana huyu ni mtu wa Mungu, boti hii haijawahi kumsumbua. Tuombe, tulipe, twende." Na mwenye boti akaitikia kwamba kweli, yeye kila safari aliomba kabla ya kutoka, na Mungu alimlinda.

Nimeyafikiria maneno yale kwa miezi mingi. Sidhani yule bwana alikuwa mwongo. Pengine aliomba kweli, na pengine alilindwa kweli. Lakini neno imani lilikuwa limeletwa pale kufanya kazi ya kapeti.

Mwaka 1994, nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, kaka yangu alinunua mtumbwi wa mtumba kwa fedha za samaki. Ulikuwa na ufa karibu na mkuku. Aliyeuuza alikuwa ameuziba kwa lami, akaupaka rangi ya buluu juu, ukapendeza. Ilikuwa ni majira ya upepo ambao watu wa ziwa huuita Mwera, jina lile lile la majirani zetu wa Nachingwea, unaotoka kusini-mashariki. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita zipatazo 580. Upepo huo ukivuma urefu wote huo bila kizuizi, mawimbi yanayofika kwetu Matema yamekua njia nzima. Kaka alitoka alfajiri. Siku ya tatu walimpata upande wa Ikombe, na mtumbwi pia, na ufa ulikuwa wazi urefu wa mkono. Baba mdogo aliutazama muda mrefu. Tangu siku hiyo sijamwona akipita karibu na chombo chochote bila kukigonga.

Katika mafundisho ya kipaimara tunawakaririsha vijana Amri ya Saba, usiibe, na tunadhani imemalizikia kwa mwizi wa kuku. Luther anataja papo hapo bidhaa mbaya na biashara ya hila: kumpa mwenzako kitu kibovu na kuchukua fedha yake nzima ni wizi. Tena Amri ya Tano, usiue, anaieleza kwa kumsaidia jirani katika kila hatari ya mwili. Aliyemuuzia kaka yangu mtumbwi alivunja zote mbili kwa brashi moja. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Musa anaagiza kwamba mtu akijenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Napenda sana kwamba agizo hilo limo katika Biblia. Mungu aliyewagawia Israeli bahari alijishughulisha pia na ukingo wa dari. Hakuwaambia waamini tu.

Kwa hiyo nilimwambia dalali kwamba imani yetu ndiyo inayofunua kapeti.

Chini ya kapeti kulikuwa na faiba nzuri, inang'aa. Baba mdogo akaigonga kwa mpini wa bisibisi. Upande wa omo ilitoa sauti kavu, kama mlango. Karibu na injini ilitoa sauti ya boga. Akatueleza kwamba boti nyingi za zamani za namna hii zina mataruma ya mbao yaliyofunikwa na faiba. Kila mahali palipopigwa skrubu ni mlango wa maji, na maji yakishaingia hayatoki. Mbao huoza ndani ya ganda zuri. Povu lililowekwa chini ya sakafu ili boti isizame nalo hunywa maji na kuwa zito. Akafungua boliti moja ya mguu wa injini kwa vidole, bila spana. Kisha akaingiza bisibisi katika ile mbao. Ilizama hadi mpini.

Hakuna aliyesema neno. Mwalimu aliketi kwenye kiti cha ngozi.

"Injini ni nzima," alisema baba mdogo. "Lakini injini hununuliwa. Mwili huu ndio utakaobeba watoto." Kisha akaongeza jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko uozo: kwamba hata ingekuwa mpya, angemkataza. Boti hizi zimetengenezwa kwa maji matulivu. Ubavu wake ni mfupi. Wimbi la Mwera lingeingia ndani kama mgeni aliyekaribishwa. Tena rafadha na usukani vimefungwa chini, havinyanyuki, nako Matema tunateremkia mchangani. Na injini ile ikinywa lita 20 au zaidi kwa saa, wakati lita moja ya petroli ilikuwa inapita shilingi 3,000, wajukuu wangecheza Jumamosi moja tu.

Mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo kama hakuna faida yoyote ya injini ya ndani. Ipo, alijibiwa. Rafadha iko chini ya tumbo, mbali na watoto wanaoogelea nyuma ya boti. Ya nje iko pale pale wanapopandia. Baba mdogo hakumficha jema la kitu alichokuwa anakikataa, na hilo nililiheshimu.

Mtu asidhani nasema mtumba ni mbaya. Nchi yetu inajua mitumba iliyoheshimika. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, na wahandisi wa Kijerumani walipoamriwa kuizamisha Julai 1916 wasiiache mikononi mwa adui, walizipaka mashine zake grisi nyingi kwanza. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Mtu aliyepaka grisi mashine anayoizamisha alikuwa anamfikiria mwenye chombo ajaye, hata kama ni adui. Huyo ameishika Amri ya Saba.

Lakini nchi yetu inajua pia MV Skagit. Ilijengwa mwaka 1989 kubeba abiria katika maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington, Marekani. Iliuzwa mwaka 2011 ikaja kwetu, na tarehe 18 Julai 2012, katika upepo wa kusi, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Tulizika watu wengi. Sitoi hukumu juu ya wale waliohusika. Najua tu kwamba Julai ya Chumbe na ghuba iliyokingwa ya Marekani si maji ya namna moja.

Na sisi wa Masasi na Newala tunalo kaburi letu wenyewe katika habari hii, ingawa liko mbali. Chauncy Maples, kasisi wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, alifanya kazi Masasi tangu miaka ya 1870, na Masasi ilipovamiwa mwaka 1882 alihamia Newala kwa chifu Matola. Kutoka kwetu akaenda Likoma, kisiwa cha Ziwa Nyasa. Mwaka 1895 aliwekwa wakfu kuwa askofu huko Uingereza, na tarehe 2 Septemba mwaka huo huo, akirudi kwenye kazi yake, boti yake ilipinduka ziwani katika dhoruba. Inasimuliwa kwamba kanzu yake ilimvuta chini. Alikuwa mtu wa imani kuliko wengi wetu. Mimi nami ni mvaa kanzu, na kila ninapopita chini ya kilima cha Mtandi na kuliona kanisa kuu la Waanglikana, naikumbuka kanzu ile. Baadaye watu waliompenda walichanga fedha wakajenga meli ya mvuke kwa jina lake, ikaletwa kutoka Glasgow kwa maelfu ya mafurushi na kuingizwa majini mwaka 1901. Hawakuleta boti nyingine ndogo.

Paulo naye alipokuwa mfungwa njiani kwenda Roma aliwaonya kwamba majira ya kusafiri yamepita. Yule akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Mtume aliyekuwa ameona mbingu ya tatu alikuwa pia anajua kalenda ya upepo, na sioni kwamba moja lilipunguza lingine.

Tulirudi kusini kwa basi. Kutoka Kibiti hadi Nangurukuru Mwalimu hakusema kitu. Shida yake haikuwa boti peke yake. Alikuwa amewaambia watu. Newala nzima ilijua. Nilikaa naye bila kumhubiria. Tulipofika Mingoyo, tukinunua korosho za kukaanga dirishani, aliniambia, "Mchungaji, ile bisibisi ingekuwa imepita kwenye mguu wa mjukuu wangu." Nikamwambia ndiyo.

Ilichukua miezi saba. Baba mdogo alikataa boti mbili nyingine, moja kwa sababu ya karatasi. Namba iliyochongwa kwenye mwili haikulingana na ile ya hati, naye alisema chombo kisicho na jina la kweli hata TASAC hawawezi kukikagua na kukisajili. Ya nne ilipatikana huko huko ziwani, kwa mtu aliyekuwa akibeba wageni. Haina uzuri wowote. Ni ya faiba, rangi ya maziwa yaliyolala, ubavu mrefu, na nyuma ina Yamaha ya nguvu farasi 40 inayonyanyuka ukifika mchangani. Fundi yeyote wa Kyela anaijua. Ilijaribiwa majini ikiwa na idadi kamili ya watu, si watu wawili, nasi tulifua ngama kabla na baada, tukapima maji kwa kopo. Milioni 11, na jaketi za kujiokolea nane juu yake, mpya, hizo si mtumba.

Bati la Newala bado ni la upande mmoja. Fedha iliyobaki Mwalimu alilipia ada za wajukuu wawili, wala sikumuuliza.

Mkewe ndiye aliyeweka sheria. Hapandi mtu bila jaketi, hata babu. Injini inazimwa kabisa kabla mtoto hajagusa maji. Kuanzia Mei hadi Agosti boti inalala juu mchangani imefunikwa, hata wajukuu walie. Mwezi wa Desemba waliniita kuibariki. Nilifika na stola na kitabu cha ibada, nikaacha kanzu kwenye begi. Wajukuu watano walikuwa wamejipanga na jaketi zao za rangi ya chungwa, na Mwalimu alikuwa amevaa suruali iliyokunjwa hadi magotini, jambo ambalo hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuliona. Nilianza na zaburi, nikaendelea na maombi kwa ajili ya wasafiri wa majini. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye maji ya kiunoni, ameishika tezi, anatazama kusini. Nilipofika kwenye maombi ya tatu aliinua mkono.

"Mchungaji," alisema, "fupisha. Upepo wa saa nne huo unakuja."

Nikafupisha.